Mkaja Kabla ya Mtoto

Mgongo wangu uliharibikia msibani, na kinachoniuma hadi leo ni kwamba hata marehemu mwenyewe sikumfahamu vizuri. Alikuwa binamu wa baba mkwe wangu. Nilimwona mara moja tu maishani, kwenye harusi yangu, akilalamika kwamba pilau ina chumvi. Tulitoka Korogwe asubuhi, mimi na mume wangu, tukafika kijijini kwao Handeni jua likiwa limeshapanda. Yeye akaelekezwa kwenye mikeka ya wanaume. Mimi nikaelekezwa uani, ambako wakamwana wote wa ukoo walikuwa wamejifunga kanga viunoni, macho mekundu kwa moshi.

Asiyejua misiba ya kule anaweza kudhani kazi ya mkamwana ni kulia. Kulia wanalia wenye msiba. Kazi ya mkamwana ni ugali.

"Mwalimu, wewe kaa hapa kwenye kigoda utuchambulie mchicha," shangazi wa mume wangu aliniambia.

Ilikuwa heshima, lakini mimi niliipokea kama tusi. Mimi ni Msambaa niliyeolewa kwa Wazigua, na huo utani uliopo kati yetu hauna likizo. Miaka yote nimeambiwa kwamba wanawake wa milimani tunajua kupanda na kushuka tu, mikono haina nguvu. Tena nina shahada, na mtu mwenye shahada akipewa kigoda haraka sana huhisi anadharauliwa. Nikavua saa, nikaomba mwiko.

Sufuria ilikuwa ya kulisha kijiji, mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mwanzoni nilisonga vizuri. Wenzangu walinyamaza wakaniangalia, nami nikaona sifa inakuja. Ugali ulipokaza nikaupinda mwili wote ili niugeuze kutoka chini, na hapo kitu kikalia "ka!" kiunoni, kama kijiti kikavu.

"Amepatikana!" shangazi akasema. "Mshikeni Msambaa jamani, elimu imemkatikia kiunoni."

Wakacheka huku wamejiziba midomo kwa kanga, maana msiba ni msiba. Nami nilicheka, mpaka nilipojaribu kunyooka.

Miezi iliyofuata nilipitia kila tiba iliyopatikana kati ya Handeni na Korogwe. Nilichomwa sindano za maumivu kwenye duka la dawa hadi muuzaji akawa ananisalimia kwa shauku. Nililala sakafuni. Nililala juu ya mbao. Mama mkwe alinitumia majani ya mbarika ya kupasha moto na kujifunga. Maumivu yalihama kiunoni, yakashuka kwenye kalio, yakafuata nyuma ya paja mpaka kwenye kisigino, na kila nilipopiga chafya niliona nyota mchana. Darasani nilifundisha historia nimesimama, nimeegemea ubao, wanafunzi wakadhani nimekuwa mkali.

Usiku wangu wa kusoma mtandaoni sitausimulia. Itoshe kwamba nilijipa magonjwa matano, yote ya kuua.

Mwishowe tulikwenda Dar es Salaam, kwenye hospitali yenye mashine ya MRI. Njia nzima nilisimama ndani ya basi. Daktari wa mgongo, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka, alituonyesha picha.

"Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini, kama mto," alisema. "Hiki cha chini chako kimepasuka. Ute wa ndani umetoka, umeukalia mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni."

"Kama embe bivu lililokaliwa kwenye basi," nikasema.

"Kama hilo."

Akanieleza njia zilizopo. Ya kwanza ni mazoezi, dawa na uvumilivu, na akasema wengi sana hupona kwa hiyo bila kuguswa na mtu. Ya pili ni sindano ya dawa karibu na mshipa wenyewe. Ya tatu ni kisu. Nikamwambia uvumilivu wangu umekwisha na mazoezi nimeshafanya. Kusema kweli mazoezi nilikuwa nimeyasoma. Nikachagua kisu. Mtu anayeandika makala za gazeti, kama mimi, hupenda mambo yenye aya ya mwisho.

Siku ya vipimo vya kabla ya upasuaji, muuguzi alitoka na majibu yangu, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, unajua kwamba una ujauzito?"

"Nina miaka arobaini na moja," nikamwambia.

"Hilo sikukuuliza."

Mume wangu alikuwa kwenye benchi nje, ananikunjia sweta. Suala la mtoto tulikuwa tumeacha kulizungumza zamani, kama watu wanavyoacha kuzungumzia shamba lililokwishauzwa. Nilipomwambia, alilikunjua lile sweta, akalikunja tena.

Daktari akauweka upasuaji kando. Alisema ukilazimika hufanyika hata kwa mjamzito, ila kwa sasa hakuna kinacholazimisha. Mimi nilikuwa na maswali mengi, na nilianza na yale yaliyoniwasha. Zile sindano za dukani je?

"Umeziacha?"

"Nimeziacha sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa."

"Basi ndiyo mwisho wake. Ulizochomwa mapema hivi hazinitii wasiwasi, lakini usizirudie. Ukiumwa sana, paracetamol kwa kiasi utakachoandikiwa. Na ile MRI haina mionzi ya eksirei, kwa hiyo lala salama."

Ndipo nikauliza lile lililobaki. "Huu mgongo utambeba?"

Aliitazama tena ile picha kwanza, na kwa hilo nilimheshimu. "Wanawake wengi wenye kisahani kama chako huwabeba watoto wao na kuwazaa. Wewe siwezi kukuahidi. Nitakupa kazi ya kuchunga mambo matatu. Mguu ukilegea uanze kuburuta. Ukipata ganzi pale unapokaa, katikati ya mapaja. Ukishindwa kukojoa, au ukishindwa kujizuia. Lolote kati ya hayo, usingoje asubuhi na usingoje ushauri wa jirani. Siku hiyo tutapasua hata kama mtoto hajafika wakati wake, na hapo ndipo tutakuwa na wasiwasi naye."

Tukarudi Korogwe na mtoto mmoja, mgongo mmoja, na maagizo ya kuomba visije vikagombana.

Sasa hapa kwetu mimba changa haitangazwi. Haisemwi kwa jirani, haisemwi kwa ndugu, haisemwi hata kwa mama mzazi mpaka tumbo lijisemee lenyewe. Mimi niliwahi kuandika makala nzima kuicheka desturi hiyo, na ilisifiwa. Zamu yangu ilipofika niliishika kuliko bibi yeyote wa kijijini. Mume wangu aliuliza tumwambie nini mama yake kule Handeni. Nikasema: mwambie upasuaji umeahirishwa. Ulikuwa umeahirishwa kweli.

Kuficha hakukuwa kazi. Tumbo nilikuwa nalo tangu zamani, kwa juhudi zangu mwenyewe, hivyo hakuna aliyeona tofauti. Kilichonisumbua ni kutapika, maana nyumba za mtaani kwetu, Manundu, zimepakana kiasi kwamba jirani yangu mkaanga maandazi alisikia kila asubuhi yangu. Hakusema kitu. Alikuwa mwenyeji wa Handeni pia.

Kwenye hospitali ya Korogwe nilipata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mcheshi asiyehurumia mtu. Alinifundisha kuinuka kitandani kwa ubavu, kulala na mto katikati ya magoti, kuchuchumaa badala ya kuinama, na kutembea kila siku hata kama ni hadi dukani na kurudi. Mimba ilipofika mwezi wa nne alinipa mkanda mpana wa kitambaa. "Usijibane," alisema. "Unapita chini ya tumbo, unalibeba. Ukikaza juu nitakunyang'anya."

Wiki hiyohiyo mama mkwe akatokea, bila taarifa, na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwangalia mgonjwa wa mgongo." Uso wake ulikuwa unang'aa kuliko habari za mgongo zinavyostahili, ila sikulitilia maanani.

Asubuhi ya pili aliingia chumbani kunipa chai akanikuta nimesimama na gauni la ndani, nafunga ule mkanda. Akasimama mlangoni. Akautazama mkanda, akanitazama mimi. Kikombe akakiweka chini taratibu, akatoka.

Tangu hapo alibadilika. Akawa anasema kwa sauti ya chini. Alimchinja kuku wa kwanza, akanipikia mchuzi uliojaa pilipili manga. Akanipa uji wa moto asubuhi na jioni. Akanikataza kugusa maji baridi na kufagia. Mume wangu alipocheka kitu kwenye simu, mama yake alimkemea: "Huna haya? Na nyumba iko hivi?" Mimi nilidhani hayo yote ni kwa ajili ya mgongo. Nikajisemea, kumbe huyu mama ananipenda kiasi hiki, nami miaka yote nilidhani bado ana kinyongo kuhusu mahari ya milimani. Nikaanza kutunga kichwani makala ya kumsifu.

Siku ya nne alileta beseni la maji yanayofuka mvuke na taulo. "Nikukande," alisema. Nikalala kifudifudi, mto chini ya kifua, ubavu mmoja umeinuka. Alinikanda kiuno vizuri sana, karibu nisinzie. Kisha akasema:

"Geuka. Lala chali."

"Mama, inatosha, panapouma ni hapo nyuma."

"Nyuma nimemaliza. Sasa tumbo."

Nikainuka haraka, nikasahau yale mafunzo ya kuinuka kwa ubavu, nikaona nyota. "Tumbo hapana, mama."

"Lazima likandwe. Damu ikibaki ndani ni hatari."

"Damu gani?"

Akalitia taulo kwenye beseni. Aliposema tena machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Mwanangu, usinifiche mimi. Nami nilipitia hayo kabla sijampata mumeo. Mungu atakupa mwingine."

"Mwingine yupi, mama?"

"Wewe! Umejifunga mkaja, nimekuona kwa macho yangu!"

Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi. Hakuna mwanamke wa rika la mama mkwe wangu anayejifunga tumbo kabla. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa safi kabisa: aliyefunga mkaja ameshajifungua, na kama nyumbani hamna mtoto, basi mtoto hakukaa. Na kwa kuwa mimba changa haisemwi, mimba iliyotoka nayo haiulizwi. Siku zote hizo alikuwa anamuuguza mzazi, akimlilia mjukuu, huku mimi nikisifia mchuzi.

Nikamshika mkono uliolowa maji, nikauweka chini ya kitovu. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu wa nyumbani kwa mdomo wangu zaidi ya mume wangu. "Yupo," nikasema. "Hajaenda popote. Ule ni mkanda wa hospitali, wa kunisaidia mgongo nimbebe."

Alibaki na mkono pale. Kisha akakaa chini sakafuni kando ya beseni, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi, na kati ya hizo akachanganya Kizigua ambacho sikukielewa chote, ila jina la marehemu mumewe nililisikia. Alipopata pumzi, hasira ikamjia.

"Jirani yako alinipigia akaniambia unatapika. Nikaja na kuku wa furaha! Nikakukuta umejifunga. Kuku wa watu nimemchinja kwa msiba usiokuwepo!"

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Mume wangu aliporudi alitukuta tunacheka na kulia, akaomba aelezwe. Mama yake akamwambia hayo ni mambo ya wanawake, aende akamchinje kuku aliyebaki.

Mimi nilikuwa nimesahau kuogopa kwa siku nzima. Kesho yake hofu ilirudi, ila sasa tuliigawana wawili. Mama mkwe hakurudi Handeni. Alitaka nilale mpaka siku ya kujifungua. Mtaalamu wa mazoezi alitaka nitembee. Suluhu yao ilikuwa kwamba nitembee, yeye akinifuata nyuma. Kila jioni tulipita mitaa ya Manundu kwa mstari, mimi mbele nayumba kama bata, yeye hatua moja nyuma na mikono tayari kunidaka.

"Mnakwenda wapi?" watu waliuliza.

"Hatwendi," mama mkwe aliwajibu, na akaendelea na mwendo.

Tumbo likakua, na maumivu ya mguu yakawa na siku zake: leo shwari, kesho siwezi kuvaa kiatu. Yale mambo matatu niliyachunga kama mlinzi wa benki. Nilitembea kwa visigino jikoni kuhakikisha mguu haujalegea. Mama mkwe alijifunza naye, akawa ananiuliza mbele ya wageni kama nimekojoa.

Kisha siku moja, mwezi wa saba wa mimba, nikiwa chumba cha walimu, nilishika paja langu nikakuta si langu. Ganzi. Nikabonyeza, nikafinya, kimya. Nilimpigia mume wangu, nikampigia daktari wa Dar ambaye hakupokea, nikapanda bajaji. Mama mkwe, aliyepigiwa simu na mwanawe, alinikuta hospitali kanga imegeuka, amekuja kwa miguu na alikuwa amefika kabla ya mume wangu mwenye pikipiki. Njia yote nilikuwa nimelishika tumbo, namwomba mtoto msamaha kwa ajili ya ule ugali.

Daktari wa zamu alinilaza, akanichoma kidogokidogo kwa ncha ya pini huku akiuliza. Hapa? Nasikia. Hapa, katikati? Nasikia. Akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Nikatembea. Nilipata kukojoa? Nilipata, tena hofu yenyewe ilikaribia kunisaidia.

"Ganzi yako ni ya upande wa nje wa paja," alisema. "Kuna mshipa mdogo pale kwenye nyonga, tumbo likikua huubana. Huwapata wajawazito wengi. Hauhusiani na kile kisahani."

"Una uhakika?"

"Niliyoiogopa ni ya katikati. Ya nje huisha ukijifungua."

Mama mkwe alisubiri tufike nje ya geti. "Mwalimu mzima," alisema, "mapaja yako hujui lipi nje lipi ndani. Umenikimbiza mjini nimevaa kanga ya kuogea."

Nilikuwa nalia kwa nafuu, na mtoto alikuwa ananipiga teke la mbavu.

Kilichobaki kilikuwa uzazi wenyewe. Wanawake wa mtaani walikuwa wameshatoa hukumu: mwenye mgongo mbovu hasukumi, na akichomwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni hainuki tena. Niliyapeleka yote kliniki. Daktari akasema kusukuma naruhusiwa, na ikilazimu kupasuliwa mtoto, sindano hiyo kwa kawaida huwezekana, ila mtaalamu wa dawa ya usingizi aione picha yangu ya MRI kwanza. Kwa hiyo ile picha niliipakia kwenye mkoba kabla ya nguo za mtoto. Niliandaa na maelezo, yenye utangulizi na kiini.

Uchungu ulinianza baada ya kifungua kinywa. Kwenye chumba cha kuzalia nilimwambia mkunga, "Dada, kabla hatujaanza, nina historia ya—"

"Tumeshaanza," akasema. "Lala ubavu, huo wa kushoto. Hivyo. Mgongo unasemaje?"

Mgongo ulikuwa unasema mengi, lakini kwa mara ya kwanza tangu ule msiba kulikuwa na maumivu makubwa kuliko yake, na nikauona mdogo. Niliuzaa mzigo wangu kwa ubavu, nimeng'ang'ania nguzo ya kitanda, kabla adhuhuri haijaadhiniwa. Mtoto wa kike. Alilia mara moja, akanyamaza, akanikodolea kama mwanafunzi aliyechelewa anayetaka kujua tumefika wapi.

Walimchukua kumpima. Mkunga akaja miguuni kwangu. "Inua vidole. Sukuma mkono wangu. Na huu mwingine." Miguu yote miwili ilimsukuma. Aliitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine, kana kwamba hakuwa amenirudishia maisha.

Miezi imepita. Daktari wa Dar ameniona tena, akanibonyeza, akaniinua mguu, akasema mshipa umetulia na kwamba visahani vilivyopasuka mara nyingi hunywea vyenyewe vikipewa muda. Upasuaji ameufuta, nami nikamwambia nafasi yangu ampe asiye na haraka kama niliyokuwa nayo. Bado siwezi kukaa kikao kizima cha walimu, jambo ambalo sijamwomba mtu aniponye. Mama mkwe naye hajaondoka. Nikitaka kumwinua mtoto nachuchumaa kwanza, namkumbatia kifuani, nanyooka kwa miguu, na kila mara yeye hunitazama toka kwenye mkeka wake.

"Ona anavyomwokota," humwambia mjukuu wake kwa sauti ya kunifikia. "Kama anaiba gunia la mahindi. Njoo kwa bibi, mwanangu, bibi anajua kuinama."

Nami namkabidhi, nakwenda kujilaza chali.